Karani Aliyetaka Kila Kitu Kionekane

Karani wa masjala katika kliniki moja ya Kitale alifanya kazi kwa kidole kimoja, cha shahada cha mkono wa kulia. Kwa kidole hicho alipekua kadi za wagonjwa, alichapa kwenye kompyuta, aliwafukuza kuku wa jirani walioingia uani, na alininyooshea mimi kila nilipokosea. Nilikosea mara nyingi. Mimi ndiye niliyetengeneza programu iliyochukua mahali pa kadi zake, na kwa miezi minane tuligombana juu ya jambo ambalo nje ya ofisi ile halingemshughulisha mtu: kitu gani kionekane kwenye skrini, na kitu gani kifichwe.

Yeye alitaka kila kitu kionekane. Ndiyo maana siku aliponiomba nifiche mstari mmoja, wa mgonjwa mmoja tu, nilishikwa na hofu. Mstari ule ukifichwa, mtu angeweza kufa. Ukionekana, ndoa ya watu ingeweza kuvunjika. Na wa kuamua nilikuwa mimi, mtu ambaye hukaa dakika kumi akifikiri kama ujumbe wa simu uanze na "Habari" au "Habari yako".

Nilimjua tangu nikiwa mtoto wa kuletwa kliniki kwa sababu ya kifua. Wakati huo alikaa nyuma ya dirisha dogo la mbao, na mgongoni mwake kulikuwa na kabati la kadi lililofika darini. Ukisema jina lako, hakuandika popote. Alinyanyuka, akaenda moja kwa moja kwenye kadi yako kama mtu anayechukua chumvi jikoni kwake. Mama yangu aliamini kwamba Karani alijua magonjwa ya nusu ya Kitale, na kwamba siku akikasirika mji mzima ungehama.

Lakini hakuwahi kutaja ugonjwa wa mtu. Hata majina hakuyaita kwa sauti kama aliona mtu ameinama sana kwenye benchi. Alisema, "Wewe wa sweta ya kijani, ingia," na mtu wa sweta ya kijani aliingia bila jirani zake kujua ameitwa nani.

Kwa madaktari hakuwa na huruma hiyo. Kadi ikirudi haijajazwa, aliipeleka yeye mwenyewe hadi chumba cha daktari na kusimama mlangoni.

"Daktari, hapa umeandika ama umejaribu kalamu?"

"Ni 'hakuna mzio', mama."

"Basi andika hakuna mzio. Usiniachie mahali pa kubahatisha. Kesho anaweza kuja usiku, na wewe uko harusini."

Nilipoletwa pale miaka mingi baadaye na shahada yangu ya kompyuta kwenye bahasha, aliniangalia juu ya miwani, akasema, "Wewe si yule wa kifua?" Kisha akaniuliza kama bado ninalala na madirisha wazi. Nilijibu kwa heshima zote, halafu nilipofika nyumbani nikakaa nikijiuliza kama aliuliza kwa sababu ya kifua au kwa sababu alisikia mtu ameibiwa.

Alikuwa na tabia zake. Kila kitu mezani kwake alikifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, cheupe chenye ukingo wa buluu: simu, chupa ya chai, redio ndogo, na baadaye hata skrini. Nikimuuliza alisema ni vumbi, ingawa alipangusa meza mara tatu kwa siku. Chai hakujimiminia. Chupa ilikuwa yake, vikombe vyake, lakini alimwita yeyote aliye karibu: "Nimiminie hapo." Nesi mmoja alilalamika kwamba mama huyu anajiona chifu. Mimi pia nilifikiri ni maringo, nikammiminia.

Na bodaboda hakupanda. Kliniki ilipopeleka chanjo huko milimani Kapsokwony, wenzake wote walipanda pikipiki kutoka barabarani, yeye akatembea. Alifika chanjo zimekwisha, akaketi kwenye kivuli chembamba cha ukuta na kuanza kupanga kadi. Vijana wa stendi walimjua kwa hilo.

"Mama, leo pia unatuogopa?"

"Nani aogope nyinyi? Miguu yangu haitaki petroli."

"Tutakubeba bure, bana!"

"Bure ndiyo mbaya zaidi. Nikianguka nitamdai nani?"

Walicheka, naye alicheka, akaendelea na safari yake.

Programu yangu ilimkuta hivyo, na umri wake, na kidole chake. Nilitegemea angeikataa. Hakuikataa, aliichunguza kama anavyochunguza kadi iliyorudi kutoka kwa daktari. Alijifunza kujaza fomu kwa kibodi tu, akiruka kutoka kisanduku hadi kisanduku. Kipanya hakukisogeza. Asubuhi aliweka mshale juu ya kitufe cha Hifadhi, na kuanzia hapo hadi jioni alikuwa anagonga tu, huku macho yake yakiwa kwa mgonjwa aliye mbele yake. "Nitamwangalia mtu ama nitaangalia televisheni yako?" aliniuliza.

Mimi sikulitilia maanani jambo hilo, na hapo ndipo nilipokosea kosa langu kubwa la kwanza.

Katika fomu kulikuwa na sehemu ya uja uzito. Niliona ni vibaya mwanaume aandikishwe huku maswali ya mimba yakimkodolea macho. Kwa hiyo nilipanga kwamba ukichagua "Mume", sehemu hiyo yote inatoweka, na vilivyo chini yake vinapanda juu kujaza pengo. Skrini ilikuwa safi. Niliipenda, nikapiga hata picha.

Siku ya kwanza ya kuitumia skrini hiyo, ilipokaribia saa sita mchana, mzee mmoja alisimama kutoka kwenye benchi na kugonga dirisha.

"Madam, leo kliniki ni ya kina mama peke yao? Mtuambie twende tukapalilie."

Karani alichungulia. Benchi lilijaa wanaume, wengine tangu saa mbili asubuhi. Wanawake waliokuja baada yao walikuwa wamekwisha kutibiwa na kurudi nyumbani. Aligeuka akanitafuta.

"Wewe kijana wa mashine! Wanaume wangu wako wapi?"

"Mama, usiseme hivyo," mmoja akasema kutoka benchi. "Tutaulizwa nyumbani."

Watu walicheka. Nilipoketi kwenye kompyuta yake nikaelewa. Sehemu ya uja uzito ilipotoweka, kitufe cha Hifadhi kilipanda juu, na pale pale mshale wake ulipokuwa umetulia tangu asubuhi kikaja kitufe kingine, cha Funga Ziara. Kila mwanaume aliyemwandikisha, aligonga kitufe hicho na kumfungia ziara, kana kwamba amekwisha kutibiwa. Kwa daktari hakuna jina hata moja la mwanaume lililofika.

Nilingoja anifokee. Alivuta kiti, akaketi kando yangu, akasema kwa sauti ya chini:

"Hukuficha kitu, umehamisha nyumba. Ukitoa kitu, acha nafasi yake."

Nilibadilisha. Ukichagua "Mume", sehemu ile ilibaki mahali pake, maandishi yakafifia kuwa kijivu, na visanduku vikakataa kuandikwa. Aliijaribu, akatikisa kichwa kukubali. "Sasa naona kipo, na naona hakinihusu." Kwa Karani hiyo ilikuwa sifa kubwa. Niliifikiria njia nzima hadi nyumbani, nikajiuliza kama alimaanisha programu au alinimaanisha mimi.

Tangu hapo kila nilipotaka kuficha kitu nilimpelekea kwanza. Orodha ya dawa zilizokwisha? Ionekane. Vitufe vya msimamizi? Vififishwe rangi, visitoweke, maana asipoviona atafikiri kompyuta imeharibika. Mzio wa mgonjwa? Juu kabisa, kwa nyekundu, na yeyote atakayeuficha afukuzwe kazi. Nilianza kuamini kwamba katika jambo hili hakuna swali asilokuwa na jibu lake.

Mwezi wake wa mwisho kabla ya kustaafu tulikuwa tunaingiza kadi za zamani. Kila kadi ilikuwa na namba. Tulipomaliza kabati zima, kompyuta ilionyesha namba moja ambayo haikuwa na mtu. Nilimwambia. Akasema hiyo ililiwa na mchwa. Siku ya pili nikamuuliza tena, maana namba isiyo na mtu huniwasha kama upupu. Akasema iache. Siku ya tatu alinyanyuka, akafunga mlango, akafungua mkoba wake na kutoa kadi iliyofungwa kwa kitambaa chenye ukingo wa buluu. Haikuwa na tundu hata moja la mchwa.

"Andika," alisema.

Jina lilikuwa lake. Ilikuwa kadi nene, imegundishwa karatasi za ziada mara kadhaa, na ziara ya kwanza ilikuwa ya kabla sijajua kusoma. Niliandika kimya hadi nilipofika kwenye mstari wa maradhi ya kudumu. Hapo mwandiko wa daktari mzee mwenye kliniki ulisema: kifafa.

Nilikaa nikitazama neno lile. Chai ya moto. Pikipiki. Njia za Kapsokwony kwa miguu. Miaka yote hiyo tulikuwa tumemwona mtu mwenye maringo, kumbe alikuwa anajilinda, na aliyeweka kumbukumbu za kila mtu aliiweka yake nje ya kabati.

"Daktari mzee peke yake ndiye anajua," alisema. "Na binti yangu. Nakunywa dawa kila siku, sijaanguka miaka mingi. Sasa ninarudi nyumbani Chwele. Dawa nitachukua wapi?"

"Tawi letu la Bungoma, mama. Hata faili yako itaonekana kule kule, Jumatatu ya wiki ijayo tunaunganisha..."

"Hapo ndipo ninakuuliza. Daktari wa Bungoma si ni mkwe wangu?"

Ilikuwa kweli. Daktari wa tawi la Bungoma, na hakukuwa na mwingine, alikuwa amemwoa binti yake. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono. Hawali meza moja, hawakai wakatazamana, na kama mmoja yuko sebuleni mwingine hutafuta sababu ya kwenda nje. Si chuki, ni heshima. Mambo ya mwili wa mama mkwe hayafiki hata karibu na masikio ya mkwe, seuze kwenye skrini yake.

"Na si heshima peke yake," aliendelea. "Unajua watu wakisikia ugonjwa huu wanasema nini. Ati ni wa ukoo. Mjukuu wangu akipata homa akitetemeka, wataniangalia mimi. Watauliza kwa nini hawakuambiwa kabla ya kuleta ng'ombe wa mahari." Aliweka kidole chake juu ya neno. "Huu mstari uufiche. Uniandikie dawa tu, useme ni za presha."

"Mama, si wewe ulisema nisifiche kitu?"

"Nilisema. Sasa nasema huu."

"Lakini ukiandikwa presha, akakupa dawa nyingine juu yake..."

"Kijana," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kufukuza kuku. "Nimewaficha watu wa mji huu miaka yote. Sijawahi kumwomba mtu anifiche mimi."

Nilisema nitaangalia. Hilo ndilo jibu langu kwa kila kitu kinachonitisha.

Niliangalia kwa siku nne. Kuandika presha sikuweza. Huo ungekuwa uongo ndani ya faili. Kuuondoa mstari kabisa na kuacha vilivyo chini vipande juu kungehamisha vitufe. Kuufifisha kuwa kijivu ndiko kubaya zaidi, maana faili yake peke yake ingekuwa na doa, na mkwe wake angejiuliza kuna nini chini ya doa hilo. Pengo husema. Nililala nikiliona pengo, nikaamka nikiliona.

Siku ya nne nikapata njia. Niliweka kisanduku kilichofungwa kwenye faili ya kila mgonjwa, Kitale na Bungoma, hata wale wasio na chochote cha kuficha. Kilikuwa na ukubwa ule ule, mahali pale pale, na kitufe kimoja: Onyesha. Mgonjwa anaandika namba yake ya siri, kinafunguka. Faili ikifungwa nacho kinajifunga. Kwa kuwa kila mtu anacho, hakimsemi mtu. Daktari mzee alikubali kwa wote isipokuwa mzio, ambao ulibaki wazi juu kabisa. Karani alikijaribu kwenye faili yake, akakifungua na kukifunga mara tatu. Hakunisifu. Alinimiminia chai, yeye mwenyewe, polepole, mikono miwili kwenye chupa.

Furaha yangu ilidumu siku mbili. Ijumaa nilikuwa kwa kinyozi, mashine ikiwa nyuma ya sikio langu, nilipofikiri: siku atakayoanguka, namba ataiandika nani? Siku pekee ambayo mstari ule unahitajika ni siku ambayo mwenyewe hawezi kuufungua. Atabebwa kutoka Chwele, atalazwa mbele ya mkwe wake, na mkwe ataona kisanduku kilichofungwa, sawa na cha kila mtu. Atamtibu kama mtu wa sukari, au wa malaria iliyopanda kichwani. Na programu itakuwa imefanya kazi yake sawasawa. Nilisimama kabla kinyozi hajamaliza. Aliniuliza kama amenikata.

Jumamosi nilikwenda Chwele, alikokuwa amekwisha kuhamia. Nilimkuta uani kwake, ameketi kwenye mkeka akichagua maharagwe, kwa kidole kile kile. Aliniambia nikae. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kuanzia, na yote yalinitoka.

"Mama, siku utakayoanguka hutaweza kubonyeza Onyesha."

Kidole kilisimama. Kisha kikaendelea: zuri huku, bovu kule.

"Mtu akianguka hana mkono," nilisema. "Na aliye mbele yako atakuwa ndiye yule. Sitaki kukusumbua. Nimefikiri labda niweke kitufe cha pili, Acha Wazi. Ukikibonyeza wewe mwenyewe, kwa namba yako, kisanduku chako hakijifungi tena. Sikibonyezi mimi. Hakibonyezi mtu mwingine. Na kama hutaki, basi, kitakaa tu hapo, kwa kila mtu, kama kile kingine. Hakuna atakayejua ulikuwa na nafasi ukakataa."

Upepo ulipeperusha maganda kwenye mkeka, akayakusanya.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado."

Alinilisha. Hatukuzungumzia tena jambo lile. Niliporudi barabarani sikujua kama nimemwokoa au nimemtukana nyumbani kwake. Aliponisindikiza aliuliza tu, "Jumatatu mnaanza saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Haya."

Jumatatu nilikuwa Bungoma tangu saa moja. Saa tatu na dakika chache Karani aliingia, kitambaa kichwani, mkoba chini ya kwapa, viatu vina vumbi. Daktari alikuwa ameinamia skrini nikimwonyesha vitufe vipya. Alipomwona mama mkwe wake alisimama haraka, akatazama sakafu, akarudi nyuma hadi dirishani. Karani naye alitazama ukuta. Walisalimiana hivyo, kila mmoja akiuambia ukuta wake.

"Nimekuja kuandikishwa," aliniambia mimi. "Mwambie asubiri."

Daktari aligeukia dirisha. Karani aliketi kwenye kiti cha daktari na kuandika namba yake, tarakimu moja moja. Alibonyeza Onyesha. Mstari ulitokea na neno lake. Alilitazama kwa muda, kwa jinsi alivyokuwa akitazama kadi za watu wengine kuhakikisha hakuna kilichosahauliwa. Kisha aliusogeza mshale, na akabonyeza Acha Wazi. Alinyanyuka, akaenda kuketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, uso kwenye uwanja.

"Mwambie asome."

"Daktari," nilisema, "mama anasema usome."

Alirudi kwenye kiti. Nilitazama shingo yake kwa sababu niliogopa kutazama uso. Alisoma mstari, akasogeza chini, akasoma dawa, akarudi juu. Nje kulikuwa na mtu akifagia.

"Muulize mama," alisema mwishowe, macho kwenye skrini, "dawa amebakiza za siku ngapi."

Karani alikuwa hatua tatu kutoka kwake. "Mama, unaulizwa dawa umebakiza za siku ngapi."

"Mwambie siku sita."

"Siku sita, daktari."

"Muulize mara ya mwisho alianguka lini."

"Mwambie kabla ya mambo ya ng'ombe."

Nikamwambia. Daktari aliandika. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda polepole, kisha vikaacha kabisa. Alipouliza tena sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Muulize mama kama mke wangu anajua."

Hilo ndilo swali nililokuwa nimeliogopa tangu kadi itoke kwenye kitambaa, na sasa lilikuwa limewekwa mikononi mwangu nilipeleke. Niligeuka kwa Karani. Alikuwa ameshaacha kutazama uwanja.

"Anajua," alimwambia mkwe wake. "Alitaka kukuambia kabla hujamwoa. Nilimkataza. Kosa ni langu, usimwulize yeye."

Daktari hakugeuka. Aliweka mikono yote miwili mezani, moja kila upande wa kibodi, na kwa muda nilidhani atanyanyuka atoke. Nilianza kuhesabu vitu ambavyo ningeweza kusema, na vyote vilikuwa vibaya. Kisha kiti chake kikalia. Alikuwa amekizungusha nusu, bado ameinamisha kichwa, lakini uso wake ulikuwa umeelekea mlangoni.

"Mama," alisema, "hizo za siku sita zisiishe. Njoo Alhamisi. Nitakuwa nimeziagiza."

"Alhamisi saa ngapi?" Karani aliuliza.

"Mapema. Kabla ya watu."

"Nitakuja," alisema.